Waliniita Fisi

Saa kumi na moja jioni, muuza kahawa huegesha jiko lake kwenye baraza la duka langu. Simtozi kodi. Ananilipa vikombe viwili, kashata moja, na habari za mji mzima, ambazo hufika barazani kwangu kabla hazijafika redioni.

Jioni ninayoisema mvua ilikuwa imetoka kukatika. Mtaa wetu wa Makoroboi, hapa Mwanza, wote ulinuka matope na mihogo ya kukaanga. Waliokuwa wanabishana ni Mwalimu na fundi simu. Mwalimu alistaafu siku nyingi. Amefundisha nusu ya watu wanaopita mtaa huu, na bado anawasahihisha wakisalimia vibaya. Fundi simu ana meza yake hatua tatu kutoka mlangoni kwangu, na kila mwaka huwa mtaalamu wa jambo jipya. Mwaka juzi ilikuwa ufugaji wa sungura. Sasa ni akili unde, yaani AI.

"Hiyo mashine itatuzalia kizazi cha mazezeta," Mwalimu alikuwa anasema. "Mtoto anapewa insha, 'Siku Nisiyoisahau'. Anakwenda kumuuliza nani? Asiyewahi kuwa na siku!"

"Mwalimu, shikamoo yako nimekupa, lakini kwenye hili gari limekuacha stendi. Miaka mitano tu, asiyeijua hii atakuwa sawa na asiyejua kusoma."

"Bora asiyejua kusoma kuliko anayesomewa."

Watu wakapiga makofi. Barazani kwangu hoja hushinda kwa makofi. Kisha wakanigeukia.

"Dada, wewe ndiye mwenye kompyuta. Uko upande gani?"

Nikajibu ninavyojibu siku zote: ina faida zake, ina hasara zake, inategemea. Fundi simu akacheka. Mwalimu hakucheka. Aliweka kikombe chini, akaniangalia kama mtu anayempa sifuri mwanafunzi anayempenda.

"Mwanangu, njia mbili zilimshinda fisi."

Kahawa ikaendelea kumiminwa. Mimi nikaingia ndani, nikajifanya natafuta rimu ya karatasi.

Popo, vuguvugu na wenzao

Hadithi ya fisi mnaijua, sitairudia. Kilichonikaa kooni ni kwamba lugha yetu haimpendi mtu wa katikati. Mshika mbili moja humponyoka. Ukiweka mguu ndani mguu nje, wewe kigeugeu. Ukimsikiliza huyu na yule, ndumilakuwili. Kanisani ukiwa vuguvugu unatapikwa. Na popo, maskini, kosa lake ni kuwa na mabawa na meno kwa pamoja.

Nilikaa na methali hiyo karibu mwezi. Niko kwenye daladala ya Nyegezi, ipo. Natoa kopi za vyeti vya watu, ipo. Mume wangu akachoka: "Si ungemjibu tu Mwalimu yaishe?"

Ningemjibu nini? "Inategemea." Inategemea nini?

Na mimi, kuliko wote waliokuwa pale, nilipaswa kujua, maana mashine hiyo inachota kwenye sahani yangu. Kazi ya steshenari ni kuwaandikia watu. Zamani (namaanisha 2021) mwanafunzi wa chuo alikuja na daftari lenye mwandiko wa kuku, nikalichapa kurasa arobaini, tukapatana bei, mwezi ukasogea. Siku hizi anakuja na flashi. Kila kitu kimeshaandikwa, anataka kuprinti tu. Nazo barua za maombi ya kazi zote sasa zinaanza na sentensi ileile, kana kwamba Mwanza nzima ina mwombaji mmoja.

Hapo ungetegemea niwe upande wa Mwalimu. Lakini mimi mwenyewe ninayo kwenye kompyuta yangu, naitumia kila siku, na siku umeme ukikatika ndiyo kitu cha pili ninachokikumbuka baada ya feni.

(Hata jina hatujaelewana. Wengine wanasema akili bandia, wengine akili mnemba, wengine akili unde. Mimi nimeshika akili unde kwa sababu naisikia 'kuunda' ndani yake, na kilichoundwa kina muundaji. Ukitaka ugomvi juu ya hilo, njoo saa kumi na moja, kahawa ipo.)

Chungu kimoja, wapishi watatu

Nikaanza kusoma usiku, baada ya kufunga hesabu za siku. Nilidhani kule ugomvi ulikoanzia, wenye elimu yao watakuwa wametulia.

Wapi!

Machi 2023, wataalamu na watu wengine wengi walitia saini barua ya wazi wakitaka maabara za akili unde zisimamishe kwa angalau miezi 6 kuifundisha mifumo yenye nguvu kuliko GPT-4, mfumo wa kampuni ya OpenAI. Mei mwaka huohuo likatoka tamko la sentensi moja tu: hatari ya binadamu kutoweka kwa sababu ya akili unde ipewe uzito kama magonjwa ya mlipuko na vita vya nyuklia. Oktoba, mwekezaji wa Marekani aitwaye Marc Andreessen akatoa ilani yake. Yeye anasema kuichelewesha akili unde kunagharimu maisha ya watu, na kwamba vifo ambavyo ingevizuia kama ingeachwa iwepo ni aina ya mauaji.

Sasa weka hayo mawili kwenye meza moja. Huyu anasema ukiendelea utatumaliza sote. Yule anasema ukisimama wewe ni muuaji. Katikati hapo unasimama wapi, uue nusu?

Kuna Geoffrey Hinton, Yoshua Bengio na Yann LeCun, waliopewa kwa pamoja Tuzo ya Turing ya 2018, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, kwa kazi yao iliyozaa mashine hizi. Hinton aliondoka Google mwaka 2023 ili aongelee hatari zake kwa uhuru. Bengio alitia saini ile barua ya Machi. LeCun anaona hofu ya binadamu kuangamizwa imetiwa chumvi mno. Wapishi watatu wa chungu kimoja, na hawakubaliani kama kilichomo kina sumu.

Nilifunga simu nikiwa nimechoka kuliko nilivyoanza.

Kilichonipa pumzi ni kauli ya zamani ya huyohuyo Hinton. Mwaka 2016 alisema watu waache kufundisha madaktari wapya wa kusoma eksirei, kwani ndani ya miaka 5 mashine itakuwa imewapita. Miaka 5 ikapita, na mingine juu yake, na madaktari hao bado wanatafutwa. Simcheki. Mwaka 2024 yeye alipewa Nobel ya fizikia. Mimi nilipewa kashata. Ila niliona mtu anaweza kuijua mashine mpaka nati ya mwisho, na bado asiijue kazi ambayo mashine inaingizwa. Daktari wa eksirei hatazami picha tu. Anauliza mgonjwa alianguka lini. Anampigia simu mwenzake. Anaweka saini, na kesho akiulizwa, yupo.

Na lipo jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili huliruka kama dimbwi. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kuwa wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi machafu kupita kiasi, ili mashine ifundishwe kuyatambua. Nairobi, ambako ukipanda basi hapa Mwanza ukavuka mpaka wa Sirari, kesho yake upo. Anayeogopa mwisho wa dunia hakuwataja. Anayeshangilia mwanzo wa dunia mpya hakuwataja pia. Mimi nilipokuwa nasema "ina faida na hasara", nilikuwa nimewataja?

Mama wa Kome

Nimekuwa nikilizunguka jambo moja tangu mwanzo wa makala hii. Ngoja niliseme.

Alikuja mama mmoja mjane kutoka kisiwa cha Kome. Shemeji yake alikuwa amesogeza mpaka wa shamba baada ya mazishi, na yeye alitaka barua ya malalamiko. Ilikuwa Ijumaa, foleni imefika kwa fundi simu, umeme umerudi dakika ishirini zilizopita na hakuna aliyejua utakaa mpaka lini. Nikamuuliza maswali mawili matatu, nikaandika vidokezo nyuma ya risiti, nikaipa mashine. Ikatoa kurasa mbili za Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Ilitaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ikataja na kifungu, ikanukuu maneno ya kifungu ndani ya alama za mtajo. Nikaona fahari, kana kwamba nimeyaandika mimi.

Akaweka dole gumba. Akalipa elfu tatu. Akaenda kuwahi usafiri wake wa majini.

Baada ya wiki mbili akarudi na barua ileile. Karani wa ofisi aliyoipeleka alikuwa amefungua kitabu cha sheria, jambo ambalo mimi sikulifanya. Sheria ipo. Kifungu kipo, lakini kinaongelea mambo mengine kabisa. Maneno yaliyonukuliwa hayamo popote. Pembeni karani ameandika kwa kalamu ya bluu: *Haya yametoka wapi?*

Mama hakunigombeza. Alisema, "Labda siku ile hukunisikia vizuri, mwanangu, palikuwa na makelele."

Nauli mara mbili, kwenda na kurudi, halafu ananitafutia mimi udhuru.

Kijiweni hadithi hii ingemfurahisha sana Mwalimu. Ningeitoa tu pale barazani, makofi yote yangekuwa yake. Lakini haikai hivyo. Mashine haikuiona foleni. Mimi ndiye niliyeiogopa. Mashine haikuona uso wa mama. Mimi niliuona, na sikumsomea barua yake kabla hajaweka dole.

Safari hii nikamvutia kiti ndani, nikafunga mlango nusu. Tukaanza upya. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikatafuta sheria yenyewe iliyochapwa, mashine nikaiachia kupanga aya tu. Halafu nikamsomea kwa sauti. Tulipofika aya ya pili, mahali palipoandikwa kwamba mpaka wa kaskazini unaishia kwenye mwembe mkubwa, akanishika mkono.

"Mwembe? Nani kasema mwembe?"

Nikaangalia ile risiti yangu ya siku ya kwanza. Nilikuwa nimeandika *mti mkubwa*. Sikuuliza mti gani. Mashine ilipokuta pengo ikapanda mwembe, na mimi kwenye barua ya pili nikaubeba mwembe huohuo bila kuutazama.

"Pale pana mkuyu," mama akasema. "Babu yake marehemu aliukuta."

Kifungu cha uongo karani alikiona kwa sababu anacho kitabu. Mkuyu hauko kwenye kitabu chochote. Shamba linalopakana na mkuyu na shamba linalopakana na mwembe ni mashamba mawili, na shemeji angekuwa wa kwanza kulisema hilo mbele ya baraza la ardhi. Nilifuta neno moja, nikaandika jingine, na mikono ilikuwa inatetemeka kidogo.

Ndoo ilishamwagwa

Basi nikadhani nimepata jibu la kumpelekea Mwalimu: tumia, lakini kagua. Hiyo ndiyo njia ya kati, si ya fisi, ya mtu mwenye akili zake. Nilijisikia vizuri kwa siku nne.

Siku ya tano nilikwenda soko la samaki la Kirumba Mwaloni kununua dagaa.

Wanaoijua Mwaloni wanajua hakuna haja ya kuieleza, pua inaeleza. Nilisimama kwa bibi ninayenunua kwake siku zote. Jirani yake alikuwa anakaanga mapanki, vile vichwa na mifupa ya sangara vinavyobaki baada ya minofu kwenda zake. Bibi akaanza, kama kawaida yake, kusimulia furu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa: walivyokaushwa juani kwa siku chache tu bila kuni, walivyokuwa wengi mpaka mtoto akijua kushika nyavu hawezi kulala njaa. "Furu alikuwa samaki wa maskini," akasema. "Sangara ni samaki wa ndege."

Alimaanisha ndege ya mizigo.

Nilikuwa nimeisikia mara mia. Safari hii nilirudi nyumbani nikasoma, na nikakuta ugomvi wa sangara unafanana na wa barazani kwangu hata kwa sauti. Sangara hakuwa wa ziwa hili. Waliletwa miaka ya 1950, upande wa Uganda. Wataalamu wa uvuvi walibishana kwenye majarida: mwaka 1960 Geoffrey Fryer aliandika kupinga, akieleza nini kingewapata samaki wa asili, na mwaka uliofuata A. M. Anderson akaandika kutetea. Hoja nzito, pande zote mbili. Tatizo ni kwamba walipokuwa wakiandika, sangara alikuwa ameshaingia majini.

Nani alikuwa sahihi? Miaka ya 1980 sangara akalipuka. Watafiti wa Leiden, Uholanzi, waliokuwa wakihesabu furu hapahapa kwenye Ghuba ya Mwanza tangu miaka ya 1970, waliona aina baada ya aina zikikosekana kwenye nyavu. Inakadiriwa kama aina 200 za furu zilitoweka. Kwa hiyo waliopinga walikuwa sahihi. Lakini viwanda vya minofu vikaja mjini kwetu, na barafu, na ajira, na ada za shule. Shangazi yangu alimsomesha mtoto mpaka chuo kwa mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara. Kwa hiyo waliotetea walikuwa sahihi. Halafu sangara alipovuliwa sana, baadhi ya furu wakarudi, jambo ambalo sijaona aliyelitabiri.

Na swali la bibi, nani atakula mnofu na nani atakula panki, kwenye mabishano yale silioni. Yeye ndiye angeliuliza. Hakuulizwa.

Hapo "tumia lakini kagua" yangu ikaanza kuvuja. Fikiria mtu mpole wa mwaka 1954 amesimama kando ya ziwa, ndoo ya sangara iko tayari kumwagwa, anasema tusipaniki, kila jambo kwa kiasi, tuone itakavyokuwa. Ndoo haimwagwi nusu. Huyo mpole, bila kujua, alikuwa upande wa mwenye ndoo.

Niliona aibu. Mara ngapi nimesema "tuone itakavyokuwa" nikadhani nimetumia busara?

Mwenye kiasi wa kweli siku ile angekuwa msumbufu kuliko wote. Angeshika mpini wa ndoo. Angesema samaki huyu akae bwawani kwanza, miaka kadhaa, na nani atalipa tukikosea, na mmeongea na wanawake wa mwaloni? Wapinzani wangemwona mlegevu kwa kukubali bwawa. Watetezi wangemwona mchawi wa maendeleo. Wote wangemwita fisi.

Jani na mzizi

Kaka yangu analima mihogo Misungwi. Simu yake ina programu ya kupima majani: unaelekeza kamera kwenye jani, inakuambia kwa Kiswahili kama kuna ugonjwa, na inafanya kazi hata pasipo mtandao. Kaka aliipenda kama anavyopenda redio yake. Upande mmoja wa shamba ilimwonyesha batobato mapema, akang'oa mashina yale, akachoma, na mbegu ya msimu uliofuata akaitafuta safi. Kama ningeishia hapo, fundi simu angenikumbatia.

Upande wa pili majani yalikuwa ya kijani, mazuri, simu ikasema salama. Wakati wa kuvuna nilikuwepo. Kaka aling'oa shina, mihogo mitano minene, ganda halina doa. Akaukata mmoja katikati kwa panga.

Ndani ulikuwa umeoza. Madoa ya kahawia, makavu kama kizibo cha chupa, kutoka kwenye moyo wa muhogo kwenda ukingoni. Akakata wa pili, vilevile. Wa tatu ulikuwa mweupe. Wa nne ukanuka kabla hajaumaliza. Ugonjwa wa michirizi kahawia una tabia hiyo: jani laweza kukuchekea huku mzizi umekwisha. Kaka alichuchumaa, akawa anakata vipande na kutenga, hiki cha udaga, hiki cha kutupa, bila kusema neno.

Nilimuuliza kama ataifuta ile programu.

Akanitazama kwa mshangao. "Niifute kwa nini? Jani inalijua. Mzizi nitakuwa naukata mwenyewe, mashina mawili matatu, kabla sijafika msimu wa kuvuna."

Basi. Kaka hajawahi kusoma ilani ya mtu yeyote. Hakuwa na haja ya kujua kama akili unde itaokoa dunia au itaimaliza. Alitaka kujua inaona wapi na inaishia wapi. Alipopaona, akaweka panga hapo. Nilitamani Mwalimu na fundi simu wangekuwepo shambani, lakini nadhani wangeanza kubishana kabla ya muhogo wa tatu.

Nikakumbuka na wale panya buku wa Morogoro, wa pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wanaonusa makohozi kutafuta kifua kikuu. Panya mmoja anapitia sampuli mia kwa dakika ishirini. Akisimama kwenye sampuli, maabara inaipima tena kwa vipimo vyake, na mtu ndiye anayempa mgonjwa majibu. Sijawahi kusikia mtu akisema panya atachukua kazi ya daktari, wala kwamba panya ni mkombozi wa bara la Afrika. Pengine ni kwa sababu panya hana mwekezaji. Au kwa sababu tunamwona ni panya: pua kali, basi. Mashine inatuchanganya kwa vile inaongea, tena inaongea vizuri, na sisi watu wa huku mtu akiongea vizuri tunampisha kiti.

Foleni imepungua

Nimebandika karatasi ya manila ukutani: *Hakuna barua inayotoka hapa bila mwenyewe kusomewa kwa sauti.* Anayetaka niitumie mashine namwambia naitumia. Anayetaka nisiitumie simlazimishi. Sheria natafuta iliyochapwa, na nisipoipata siitaji.

Ningependa kusema wateja wameongezeka. Wamepungua. Duka la pili kutoka langu wanatoa barua kwa dakika tano, bei ileile, na barua zao zina vifungu vingi. Juzi kijana mmoja alisimama mlangoni, akasoma manila yangu yote, akaniuliza, "Dada, kwa hiyo wewe unachelewesha makusudi?" Nikasema ndiyo. Akaenda dakika tano.

Sijui nitaweza mpaka lini. Kodi ya fremu haisomewi kwa sauti.

Na kuna siku namwonea wivu Mwalimu, kuna siku namwonea wivu fundi simu. Ukiwa na upande unalala mapema. Mimi kila barua ni kesi mpya: hii ya maombi ya kazi mashine ifanye yote, haimuumizi mtu isipokuwa lugha. Hii ya mirathi isiguse kabisa. Hii ya mama anayemwandikia mwanawe aliye jela Butimba... hiyo nilizima kompyuta, nikachukua kalamu.

Mama wa Kome hajarudi. Barua ya mkuyu ilipokelewa, hilo najua, mwanawe alinipigia. Kesi bado.

Jumamosi asubuhi

Wiki iliyopita, kabla muuza kahawa hajawasha jiko lake, Mwalimu alikuja peke yake. Amevaa koti. Mkononi ana daftari la jalada gumu lililofungwa kwa mpira.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Yupo yule kijana wako?"

"Bado hajafungua."

Akaingia ndani upesi. Daftari lilikuwa na vitendawili na hadithi za Kisukuma alizoandika tangu akiwa mwalimu wa zamu huko vijijini, kwa wino uliofifia, kurasa nyingine zimeliwa na mchwa pembeni. Anataka zichapwe. Halafu, akiangalia ukutani kwenye manila yangu, akauliza kama swali halimhusu sana:

"Hiyo mashine yako. Kisukuma inakijua?"

Nikamwambia tujaribu. Akanisomea hadithi moja fupi, mimi nikaiandika, tukaiambia itafsiri kwa Kiswahili. Ilijibu haraka, kwa kujiamini, aya nne. Mwalimu akavaa miwani. Akasoma mstari wa kwanza, akanyamaza. Wa pili, mabega yakaanza kutikisika. Alipofika mwisho alikuwa amevua miwani anafuta machozi ya kicheko.

"Mwangaluka imepata," akasema. "Baada ya salamu ikapotea njia."

Akaniomba nimprintie. Nikamprintia. Akatoa kalamu nyekundu mfuko wa koti (bado anatembea nayo), akavuta kiti, akainama juu ya karatasi kwenye kaunta yangu kama mtu aliyesahau kwamba amestaafu. Anakata, anaandika juu, anachora mshale, anauliza, "Hapa imelitoa wapi neno hili?", anacheka, anakata tena. Nusu saa. Fundi simu alipofungua meza yake na kuchungulia ndani, alisimama mlangoni mdomo wazi.

"Mwalimu! Na wewe unaitumia?"

Mwalimu hakuinua kichwa.

"Siitumii. Naisahihisha."

Akageuza karatasi, akaandika juu kulia, akaizungushia duara: 3/10. Kisha akafungua daftari ukurasa wa pili, akaniambia niilete nyingine.